Jaribio la Kumi na Saba

Tarehe 4 Machi

Mpendwa Kidole,

Uteuzi wa mmenyuko wa kemikali ni uwiano kati ya zao linalotakiwa na jumla ya mazao yote yaliyotokea. Hausemi ni kiasi gani cha malighafi kimebadilika. Unasema tu kwamba, katika kile kilichobadilika, ni sehemu gani imekuwa tulichokitaka. Nakuandikia maana hii kwa sababu umeniandikia kwamba mmenyuko wangu "umekataa". Haujakataa. Malighafi yote imeisha, umesema mwenyewe. Mmenyuko umekubali kupita kiasi; kilichokosekana ni uteuzi.

Kumbuka tunachokitafuta. Katika molekuli ile kuna kaboni mbili zilizoshikana kwa mikono mitatu. Hidrojeni, ikisaidiwa na metali ya paladiamu iliyotandazwa juu ya unga wa mkaa, huachanisha mkono mmoja. Hapo ndipo isimame, kwenye mikono miwili. Ikiachanisha na wa pili, umepata mafuta yasiyo na kazi. Paladiamu yenyewe haijui kusimama. Ndiyo maana miaka ishirini na sita iliyopita niliandika ile mnayoiita Kanuni ya Kiyeyushi, yaani ya kimiminika kinachobeba mmenyuko: paladiamu ni ileile, hidrojeni ni ileile, lakini ndani ya ethanoli mmenyuko husimama katikati kwa uteuzi wa asilimia tisini na nne; ndani ya asetati hupitiliza; ndani ya heksani hauanzi kabisa. Kimiminika kinachoonekana kama mtazamaji ndicho kinachoamua.

Sasa chuo kingine kimelalamika kwamba hakipati matokeo hayo, jopo la uchunguzi limekukabidhi wewe kazi ya kuyarudia, na mnamo tarehe 30 Aprili utasimama mbele yao useme kama Kanuni ibaki au ifutwe. Kwamba wewe ni binti wa kaka yangu wamelijua na wameliandika. Usinionee huruma, wala usinionee aibu.

Ethanoli yako ina maji. Ichemshe, ukusanye mvuke wake, uikaushe, kisha urudie. Usinipigie simu; masikio yangu na simu hayapatani tena.

Shangazi yako

*

Tarehe 15 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimefanya ulivyoniagiza, na sijui nianzie wapi kukueleza.

Ethanoli kama ilivyotoka dukani ilinipa uteuzi wa asilimia arobaini na moja. Nikaichemsha na kukusanya mvuke wake mara moja: ishirini na mbili. Nikaikausha, nikaichemsha tena, nikaosha vyombo vyote kwa asidi mpaka kioo kikalia chini ya kidole: tisa. Shangazi, tisa! Kila ninaposafisha, mambo yanaharibika zaidi. Fundi wa mashine ya kutenganishia mivuke amechapisha mchoro wa tatu, akaniwekea mezani akaniambia, "Dada, endelea kusafisha hivyohivyo, wiki ijayo utapata sifuri safi kabisa." Nilicheka, kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi peke yangu.

Maabara yako hungeitambua. Makabati ya mbao yameondolewa, meza ni nyeupe, na hewa inavutwa juu kwa feni isiyosikika. Kilichobaki chako ni sinki la jiwe na yale madaftari saba yenye majalada ya kijani. Nayasoma kila siku saa za chakula. Mwandiko wako haukukosea mstari hata mmoja.

Lakini nina swali. Katika daftari la nne, kurasa umezipa namba kwa mkono. Ukurasa wa 62 una jaribio la kumi na sita. Unaofuata ni wa 65, una jaribio la kumi na nane. Karatasi ya katikati haipo. Je, unakumbuka ilikuwa na nini?

Baba anakusalimu. Anasema umwandikie na yeye, maana hana molekuli lakini ana maneno.

Mpwa wako,
Kidole

*

Tarehe 22 Machi

Kidole,

Tarakimu tatu zinazoshuka kwa mpangilio si bahati mbaya. Ni ishara ya kosa moja linalokua. Nakushauri utazame mikono yako kabla ya kutazama daftari langu. Unga wa paladiamu unauacha hewani kwa muda gani? Unatikisa chombo kwa kasi ipi? Ulipokuwa na miaka sita uliingiza kidole katika kila chupa ya jikoni kwangu, na jina ulilipata hapo. Natumaini tabia imekoma.

Kuhusu karatasi: daftari limepita mikono mingi katika miaka ishirini na sita, na stoo ile ilikuwa na panya. Haina maana yoyote.

Rudia jaribio mara tano bila kubadilisha kitu.

Mwambie kaka yangu nitamwandikia.

Shangazi yako

*

Tarehe 6 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nimerudia mara tano. Tisa, nane, tisa, kumi, tisa. Mikono yangu ni mizito, lakini angalau ni mizito kwa usawa.

Na nisamehe kwa nitakalosema: karatasi ile imekatwa kwa wembe, sambamba na mshono. Panya hawana subira hiyo. Sikuulizi tena. Nakueleza tu kwamba nimeona.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Jumatatu nilishuka kwenye stoo ya zamani, ile ya chini ya ngazi, kutafuta kopo la paladiamu la enzi zako nililinganishe na langu. Kopo sikulipata. Nyuma ya rafu ya chini kabisa nilikuta chupa ya kahawia ya lita mbili, imelazwa ubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Kibandiko kilikuwa na mwandiko wako: ethanoli, na tarehe ya miaka ishirini na sita iliyopita. Ilibaki kama robo. Kizibo kilikuwa cha mpira mwekundu, kimekauka kwa nje, kwa ndani kinanata.

Kila kanuni niliyofundishwa inasema kimiminika cha namna hiyo kimwagwe. Nilikipima rangi: kilikuwa na manjano hafifu. Nikakitumia bila kukisafisha, paladiamu ileile yangu, mikono ileile.

Tisini na tatu.

Nilidhani mashine imekosea. Fundi naye alidhani mashine imekosea, na yeye haamini kamwe kwamba mashine yake hukosea. Tukarudia. Tisini na tatu nukta sita. Kilele kimoja kirefu katikati ya karatasi, na pembeni yake pametulia tuli. Fundi akasema, "Dada, chupa hii imekula nini?"

Nikaenda kumtafuta Bwana Ghala, mtunza stoo wako wa zamani. Bado yuko hai, ana miaka sabini na nane, na alinipokea kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa. Nikamwuliza vizibo vilitoka wapi.

"Nilivikata mwenyewe," akasema. "Vya gome la mti vilikuwa vinamwaga unga ndani ya chupa. Shangazi yako alikuwa anakuja juu kama maziwa: 'Bwana Ghala, unga! Bwana Ghala, unga!' Basi nikachukua mpira mwekundu wa mashine ya kukamulia nguo, nikakata, nikachemsha, nikaziba. Hakulalamika tena."

"Na chupa ulizilaza kwa nini?"

"Binti, ukiisimamisha, kizibo kinakauka kinapasuka. Ukiilaza, kinalowa muda wote. Mnasomeshwa nini huko?"

Nikamwuliza kama chupa zote alizifanya hivyo. Akasema za ethanoli na za heksani, kwa sababu zilikuja katika mapipa naye akazigawa. Asetati ilikuja katika chupa ndogo zenye vizibo vya kioo, hakuzigusa.

Shangazi, unaona ninachokiona?

Mpwa wako

*

Tarehe 10 Aprili

Kwa Mwalimu,

Salamu nyingi. Mimi ni yule wa stoo. Mjukuu ananiandikia kwa sababu macho yamechoka, lakini maneno ni yangu.

Nasikia vizibo vyangu vimeshtakiwa. Binti wa kaka yako amekuja hapa na maswali kama hakimu, akaondoka na vizibo vitatu ndani ya bahasha. Kavishika kwa kibano, Mwalimu, kama vile vina ugonjwa! Nimekaa nikafikiri. Kama niliharibu kazi yako, niambie waziwazi. Nilihudumu miaka thelathini na moja, na sikupoteza hata chupa moja.

Lakini nami nikukumbushe jambo. Ni mara moja tu uliingia stoo bila mimi. Nilikuwa nimeomba likizo ya wiki mbili, binti yangu mkubwa anaolewa. Niliporudi nilikuta umefungua chupa mpya ya kiwandani, yenye kizibo cha kioo, na umeiacha wima mezani. Siku ile ulikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Nikaimwaga, nikakupa ya kwangu. Kesho yake ukacheka. Nami nikajisemea: bila mimi huyu mama haendi.

Nijibu. Nisife na dhambi isiyo yangu.

Wa stoo

*

Tarehe 14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Barua yangu iliyopita hujaijibu, nami sitangoja, maana siku zinakwisha.

Nilikata kizibo chekundu vipande vidogo, nikakichemsha ndani ya ethanoli safi kabisa, ile iliyonipa asilimia tisa. Nikachuja. Uteuzi: tisini na nne. Ni tarakimu yako, Shangazi, mpaka kwenye nukta.

Mpira huo hukazwa kwa salfa na viungo vyake, navyo huvuja. Nimepima kilichovuja: ni kama sehemu kumi katika milioni. Kijiko kimoja cha chumvi katika madebe ishirini na matano ya maji. Na kiasi hicho kimegeuza kila kitu. Nimekaa na jambo hili siku tatu, nikienda kazini na kurudi, na bado mwili unanisisimka.

Ninavyolielewa ni hivi. Fikiria uso wa paladiamu kuwa chumba cha kusubiria chenye viti vichache. Salfa imekalia vingi. Molekuli yenye mikono mitatu inajishikiza kwa nguvu. Inajipenyeza, inapata kiti, inahudumiwa. Ikishatoka na mikono miwili imekuwa mpole. Ikitaka kurudi kuketi mara ya pili haipati nafasi, inaondoka zake. Sumu hiyo ya salfa haikuua paladiamu. Imeinyima tu nafasi ya kupitiliza. Sisi tulikuwa tunaihangaikia ethanoli tuisafishe, kumbe tunamfukuza bawabu.

Na heksani? Nilichemsha kizibo ndani yake: mpira ulivimba mara mbili, ukatoa kila ulichonacho. Sumu ikawa nyingi mno, viti vyote vikajaa, mmenyuko haukuanza. Asetati haikuwahi kukutana na mpira, ikapitiliza. Jedwali lako lote, Shangazi, mistari yote mitatu, ni historia ya vizibo.

Sasa naja kwenye jambo zito. Nimeandaa sentensi moja kwa ajili ya jopo: "Kwa kutumia ethanoli ya akiba ya awali, matokeo yamerudiwa kwa asilimia tisini na tatu." Ni kweli kila neno. Mwenyekiti ataridhika, Kanuni itabaki, na chupa ile itakuwa imekwisha. Nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma naona kwamba ni kweli iliyokatwa kwa wembe.

Ukiniambia niiseme, nitaisema. Wewe ndiye uliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Sijui nikuheshimu kwa njia ipi.

Kidole wako

*

Tarehe 20 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta kitu ambacho nilijua kilipo.

Utaikuta karatasi yenyewe ndani ya bahasha hii. Kurasa za 63 na 64, jaribio la kumi na saba. Sikuichoma. Nimehama nyumba mara nne na kila mara nimeihamisha, ndani ya kamusi, bila kuifungua. Jiulize mtu huhifadhi kwa nini kitu alichoamua kwamba hakina maana.

Bwana Ghala hakuwepo. Nilichukua chupa mpya, safi, ya kioo. Nikapata asilimia kumi na mbili. Nilikuwa nimekwisha ahidi kuwasilisha kazi mwisho wa mwezi. Nilijiambia kwamba chupa ile imeharibika kiwandani, na kwamba jaribio lililoharibika halina haki ya kuandikwa. Siku mbili baadaye jaribio la kumi na nane likatoa tisini na nne, nikachukua wembe. Wembe ulikuwa wa kukatia karatasi za chujio. Mkato ulinyooka, hilo ndilo linalonitisha leo.

Tazama sasa nilichokifanya. Katika majaribio ishirini na matatu ya ethanoli, ishirini na mawili yalikuwa yanarudia kosa moja kwa utii mkubwa. Moja tu lilikuwa linasema, "Si ethanoli." Hilo ndilo nililolikata.

Nilikuambia usafishe zaidi. Nilikuambia mikono yako ndiyo yenye makosa. Nilikuambia panya. Naomba radhi kwa yote matatu, na la panya ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa mengine mawili nilikuwa nayaamini.

Sentensi yako usiiseme. Soma karatasi hii kwanza, kabla ya jambo lolote, kwa sauti, na useme nimeitoa mimi. Kisha waoneshe kizibo. Nimewaandikia jopo barua kuomba Kanuni ifutwe, nimeitia sahihi, na nakala iko humu. Sitaki mtu mwingine aifute.

Na sasa niruhusu nikiri jambo la pili, ambalo si aibu. Niliposoma maelezo yako ya viti nilisimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi, nikasoma tena, nikasimama tena. Miaka ishirini na sita nilidhani naufahamu mmenyuko huu. Sehemu kumi katika milioni! Tulikuwa watu watatu katika maabara, tukibishana juu ya kila kitu, na aliyeamua alikuwa hana jina wala hakuandikwa popote. Ninaogopa, na ninafurahi, na sijui lipi linaanza.

Bwana Ghala nimemwandikia. Nimemwambia kwamba hakuharibu kazi yangu. Nimemwambia alikuwa ndiye kazi yenyewe.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Mei

Shangazi, shikamoo.

Imekwisha.

Nilisoma karatasi yako nikiwa nimesimama. Chumba kilikuwa kimejaa. Wale wa chuo kilicholalamika walikaa mstari wa mbele na kalamu zao. Nilipofika kwenye "asilimia kumi na mbili" mmoja wao alinyanyua kichwa, kwa kuwa ndiyo tarakimu waliyokuwa wanaipata wao. Nilipomaliza nikaweka kizibo mezani. Mwenyekiti alikichukua kwa vidole, akakigeuzageuza, akakinusa.

"Hiki?" akauliza.

"Hicho, mheshimiwa."

"Nimeifundisha Kanuni hii miaka kumi na tisa," akasema. Halafu akakirudisha mezani taratibu.

Mmoja alitaka neno "udanganyifu" liandikwe. Mwenyekiti alisema litaandikwa lilivyotokea: jaribio lilikatwa, na aliyelikata amelirudisha mwenyewe. Kanuni imefutwa, Shangazi. Jina lako limeondolewa kwenye kitabu cha mwaka wa pili. Nilitoka nje nikalia, na fundi wa mashine akanishikia mkoba bila kufanya mzaha wowote, kwa hiyo ujue hali ilikuwa nzito.

Bwana Ghala alikuja na kanzu yake nzuri. Walimwuliza kama ana la kusema. Akasema, "Nauliza tu: sasa mtavitaka tena, au?" Chumba kikaangua kicheko.

Baada ya hapo nilirudi maabara, maana kulala nyumbani mchana nisingeweza. Jambo moja lilikuwa linanikera. Nilichukua kile kilichovuja kutoka kwenye mpira, nikakikausha, nikakipima. Nikakitia kwa kipimo kilekile, sehemu kumi katika milioni, ndani ya viyeyushi vyote vitatu, vyote vikiwa safi kama machozi. Paladiamu ileile, joto lilelile. Nilitegemea tarakimu moja mara tatu. Kama ni sumu tu iliyokuwa ikiteua, basi kiyeyushi hakina tena cha kusema.

Ethanoli: tisini na moja. Asetati: themanini. Heksani: sitini na nne.

Nimerudia mara nne. Hazisogei.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Mei

Mpendwa Kidole,

Jina langu kutoka kwenye kitabu nililitarajia. Niliposoma habari hiyo nilikunywa chai yangu nikaimaliza. Tarakimu zako tatu ndizo zilizoniamsha.

Nimekaa nazo siku kadhaa. Nimejaribu kuzieleza kwa kusema kwamba heksani hushika hidrojeni kwa urahisi zaidi kuliko ethanoli, kwa hiyo huilisha metali haraka mno ikapitiliza. Inawezekana. Pia inawezekana kwamba ethanoli yenyewe hukalia baadhi ya viti, kwa upole, ikisaidiana na salfa. Au kwamba ndani ya heksani sumu huganda juu ya mkaa badala ya metali. Kila elezo linatosha kwa tarakimu mbili na linashindwa na ya tatu. Niliandika kurasa tisa, nami sasa sikati hata moja.

Unaelewa mahali ulipotufikisha? Mimi nilisema kiyeyushi ndicho kinachoamua, na nilikosea, kwa kuwa sikukijua kilichokuwemo. Jopo limesema kiyeyushi hakiamui, na tarakimu zako zinasema nao wamekosea. Nilikuwa na jibu lisilo na sababu zake. Sasa tuna sababu moja, kubwa, yenye kizibo chake mkononi, nayo haitoshi kulijaza jibu. Tumeondoa pazia tukakuta pazia. Nimezeeka katika kazi hii na sijawahi kuhisi kwamba chupa ya kimiminika kisicho na rangi ina kina kirefu hivi.

Nitakuja mwezi ujao. Nitahitaji kiti kirefu karibu na sinki, na mtu wa kuniandikia tarakimu, kwa kuwa mkono unaanza kuchoka. Kaka yangu nimemwandikia. Mwulize atakuonesha, ni barua ndefu.

Mpaka hapo, lichukue swali hili uende nalo kila mahali, maana mimi sina la kulijibu. Metali ni moja, sumu ni moja, kipimo ni kimoja. Ikiwa ethanoli haifanyi lolote ila kuwapo, basi ni nini kinachofanyika katika sehemu ile ishirini na saba ya mia inayoitenga na heksani, na nani yumo humo ambaye bado hatujamwandika?

Shangazi yako